Mtoto wa kidato cha kwanza afundishwe kwanza kusema kilichomshinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee Kiingereza cha watoto wa kidato cha kwanza. Kila Januari shule zikifunguliwa tunaanza ule mjadala wetu wa lugha ya kufundishia, iwe Kiswahili iwe Kiingereza, tunavutana wee, na tukiwa bado tunavutana mtoto aliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili ameshakaa darasani anafundishwa baiolojia na jiografia na hesabu kwa Kiingereza, na mtihani wa NECTA unamsubiri kwa lugha hiyohiyo. Mjadala uendelee, una umuhimu wake. Ila kuna kitu huyo mtoto anakihitaji wiki hiihii na sioni tukimpa, nacho ni namna ya kumwambia mwalimu kwa Kiingereza kwamba hapa pamenishinda.

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza huku Mbagala, wanafunzi wangu karibu wote ni wa shule za kata. Wakija mara ya kwanza tensi wanazo, mwambie akutajie "go, went, gone" anakutajia bila kupumua. Sasa mwambie akueleze kwa Kiingereza amekwama wapi, anainamisha kichwa anachezea kalamu. Na kuna shule mlangoni kwa ofisi ya walimu wamebandika karatasi imeandikwa "No English, No Service", mtoto ameenda pale kwa sababu hajaelewa, anaisoma ile karatasi, anageuza na swali lake mkononi. Afanye hivyo mara mbili tatu haendi tena, na mwalimu naye anaona kimya anajua darasa limeelewa. Hii inaniumiza sana maana huyo mtoto hajashindwa somo, ameshindwa kuomba msaada.

Wenye ujasiri wanajaribu, na wengi wanakuja na hii: "Teacher, I am difficult to understand." Kwa Kiswahili haina shida, ukisema mimi ni mgumu kuelewa kila mtu anajua asiyeelewa ni wewe. Kwenye Kiingereza inageuka kabisa, maana yake ni kwamba wengine ndo wanapata tabu kunielewa mimi. Kwa hiyo mtoto anajisema vibaya mwenyewe, na mwalimu akiwa na haraka anamrekebisha matamshi au anamwambia ongea taratibu, na lile swali la hesabu linabaki palepale.

Wanaomcheka mtoto kwa sentensi kama hiyo wangejua ugumu wake wasingecheka. Mwaka 1969 huko Marekani mtaalamu wa lugha Carol Chomsky alitoa utafiti wake juu ya watoto wa miaka mitano mpaka kumi, watoto ambao Kiingereza wamekinyonya kwa mama zao. Anamwonyesha mtoto mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, anamuuliza ni "easy to see" au "hard to see". Mtu mzima atajibu "easy", si huyu hapa mbele yetu tunamwona. Wadogo wengi wakajibu "hard", kwa sababu kichwani mwao anayetakiwa kuona ni mwanasesere na macho yake yamefungwa. Yaani mtoto wa Kimarekani anafika shule bado hajajua kwenye sentensi kama ile nani anaona na nani anaonwa, halafu wa kwetu wa Mbagala au Gongo la Mboto aliyeanza kusomea masomo yote kwa Kiingereza mwezi uliopita tunamtaka aijue bila kuelekezwa!

Kumwelekeza kwenyewe si kazi kubwa. Sentensi ya kwanza ninayowapa ni "I find it difficult to understand this". Ndo ileile "inaniwia vigumu kuelewa" ya kwetu. Tatizo ni hiyo "it", wanairuka, wanaandika "I find difficult to understand", na ukiwarekebisha wanauliza sasa hiyo "it" inasimama badala ya nini mwalimu? Nawauliza na mimi, tunavyosema "ni vigumu kuelewa" hiyo vi- ni vitu gani? Hakuna vitu, ipo tu kwa sababu sentensi inaitaka. Wakishaliona hilo kwenye lugha yao wanaacha kuiogopa. Ya pili ni "It is difficult for me to", hapo "me" anakaa baada ya "for" na tumemaliza, hawezi tena kujiita mgumu.

Halafu kuna kosa la kitabu, hili nalikuta kwenye daftari karibu zote, "This book is difficult to read it". Na linatoka kwetu moja kwa moja, maana Kiswahili kinasema kitabu hiki ni kigumu kukisoma, ile -ki- ya katikati tunaihitaji, bila hiyo tunaona kama kuna kitu kimepungua. Mwingereza akishataja kitabu mwanzoni, baada ya "read" anaacha wazi. "This question is hard to answer", basi, usiongeze kitu. Nawaandikishia mbili kwa pamoja, "It is difficult to read this book" na "This book is difficult to read", wanaona kitabu kimehama kutoka mwisho kwenda mwanzo na kule kilikotoka hakuna kilichowekwa. Ila sasa ukifika kwenye kalamu mambo yanageuka, "This pen is hard to write with", ile "with" ya mwisho ukiitupa umeharibu. Sisi tunasema kalamu hii ni ngumu kuandikia, hatusemi ni ngumu kuandika, hiyo -ia ndo inafanya kazi ya "with" na mtoto wa Dar anaitumia tangu hajaanza chekechea. Sarufi yetu ina vitu vingi namna hii vya kumsaidia mtoto kwenye Kiingereza na tunamwambia aviache getini.

Ya "I have trouble" ni fupi, inataka -ing, "I have trouble reading the map", sio "trouble to read". Na wanaojiandaa na intavyuu nawaambia "hard" na "hardly" wasichanganye kabisa, "I work hard" ni kujituma na "I hardly work" ni kwamba kazi karibu hufanyi, hiyo ukiitamka mbele ya watu wa ajira utajieleza mpaka jioni.

Mhariri, mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika ripoti yao kuhusu Kiingereza kwenye shule zetu, wakasema wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Waliokuwa kidato cha kwanza mwaka ule leo wana wajukuu shuleni, na wajukuu wanakutana na jambo lilelile. Ndo maana nasema tusisubiri mjadala uishe. Zile wiki za mwanzo za kidato cha kwanza ambazo mtoto anazoeshwa Kiingereza, sentensi hizi ziwe za kwanza kabisa, kabla ya orodha ya tensi, na ziandikwe kubwa ukutani hata kwenye darasa la fizikia, na mwalimu wa fizikia awe anazidai.

Kwangu kila mmoja kabla hajaondoka anasema kitu kimoja kilichomshinda siku ile, kwa Kiingereza, na hakuna kucheka. Kuna binti alikaa muda mrefu haongei, mwenyewe nilishaanza kumhesabu kwenye wazito, siku moja zamu yake ikafika akasema taratibu, "I find it hard to hear you from the back." Kumbe alikuwa hasikii! Feni ya pale inapiga kelele na yeye anakaa chini yake. Tukamhamishia mbele, na sasa hivi ni katika wanaouliza maswali mengi.

Ombi langu kwako ni dogo, mtenge kona kwenye gazeti hata mara moja kwa wiki, mstari mmoja wa Kiingereza wa kusema kitu kimekushinda na maelezo yake kwa Kiswahili cha kawaida. Gazeti linafika hata kwenye nyumba ambazo hela ya tuisheni haipo, na mzazi anaweza kukata kile kipande akakibandika kwenye daftari la mtoto. Mkikosa wa kuziandika mimi nipo tayari, sihitaji malipo.

Mwalimu wa tuisheni,
Mbagala, Dar es Salaam