Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jengo Kuu la Shule Yetu

Wazee wetu, ndugu wanachama,

Habari za ada na hesabu nazipita haraka, kwa sababu mweka hazina amekwisha kuzieleza. Wanachama wa Jinja na Tororo wamelipa vizuri, na chama hakidaiwi. Muda wenu nauomba kwa ajili ya jengo kuu.

Mwaka huu lilitolewa pendekezo la kubomoa madarasa ya upande wa zamani ili ipandishwe ghorofa. Kamati yenu ilipinga, na nataka kila mwanachama ajue sababu. Jengo lile si gofu la kumbukumbu tu, bado linafanya kazi kuliko madarasa mapya. Walioliweka pale walilijua jua la ikweta: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na ncha zake nyembamba ndizo zinazopokea jua la asubuhi na la jioni. Baraza pana huzuia mvua isipige ukuta. Dari liko juu, na juu ya kila dirisha kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Ingieni humo saa nane mchana, kisha mwende kwenye madarasa mapya ya mabati yasiyo na dari. Kule mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza mpaka ikatike.

Ujenzi wa namna hii tunauona kwenye shule nyingi kongwe za Uganda. Namilyango ilifunguliwa 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, zote za wamisionari. Urithi huo ni mali yetu sote, maana waliofinyanga udongo, wakachoma matofali na kupasua mbao walikuwa wazee wetu, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote la msingi.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa ukuta wa nyuma. Miaka iliyopita ulipigwa plasta ya saruji kwa nia njema. Fundi alipoibandua, uso wa tofali ulitoka nayo, na nyuma yake mkikwaruza kwa kidole mnapata unga mwekundu wenye unyevu. Tofali la kuchoma la zamani ni laini na lilijengewa chokaa, hivyo maji yanayopanda kutoka ardhini huweza kutoka polepole kupitia ukutani. Saruji huyafungia ndani, na tofali huoza. Tumeondoa saruji yote upande ule, tofali zilizokufa zimebadilishwa, na plasta mpya ni ya chokaa na mchanga. Itachukua muda kukauka, kwa hiyo ukimwona mtu anataka kuipaka rangi ya mafuta mwezi ujao, mzuie.

Sasa paa. Kenchi za mvule, yaani mbao zinazobeba paa, ni nzima, isipokuwa pale vigae vilipovunjika, maji yakaingia, na mchwa wakafuata. Gata zimesafishwa, vigae vimerudishwa. Kinachoninyima usingizi ni nyaya za umeme zilizo juu ya dari, kuukuu na zimeungwaungwa ovyo.

Hatari ya moto nchi hii tunaijua. Kanisa kuu la Namirembe lililokuwa na paa la nyasi liliteketea kwa radi mwaka 1910. Hili tunaloliona leo lilikamilika 1919. Na usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 20 Septemba 2020 tuliliona jengo kuu la Makerere, lililojengwa 1941, likiwaka moto paani, na kumbukumbu nyingi za chuo zikaungua nalo. Lilijengwa upya kwa sura yake ileile na kufunguliwa 2024. Lakini Makerere ni chuo cha taifa, na serikali ilitoa fedha. Sisi tukiunguliwa, atatujengea nani?

Ndiyo maana kamati imeahirisha kupaka rangi sehemu ya mbele, ingawa wengi mlikuwa mmeiomba kwa ajili ya sherehe. Fedha hizo tunapendekeza ziende kwenye nyaya mpya na mitungi ya kuzimia moto. Pia vijana wanaosomea usanifu majengo wamelipima jengo lote na kulichora, mpaka nakshi za milango, na nakala za michoro zimewekwa sehemu mbili tofauti.

Tangu 2023 nchi ina sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kumbukumbu, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Katibu anaandaa maombi ili jengo letu litambuliwe chini yake. Anahitaji picha za zamani. Aliye na picha ya darasa lake pale barazani ailete, hata kama imechanika, itanakiliwa na kurudishwa siku hiyohiyo.

Kura ya nyaya za umeme itapigwa mara baada ya chakula cha mchana. Tafadhali msiondoke kabla.

Mwenyekiti