Risala ya wapima maji ya bahari kwa Mgeni Rasmi, mahafali ya wapimaji wapya

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheha wetu, mwalimu mkuu wa skuli ya sekondari, walimu, mama zetu wakulima wa mwani, wavuvi, vijana mnaohitimu leo na wazazi mlioacha shughuli zenu wakati maji yamekupwa vizuri namna hii, karibuni sana. Mheshimiwa tunajua ratiba yako imebana na tumeshaambiwa saa nane unatakiwa kwengine, kwa hiyo historia tutaipitia mbio mbio halafu tutatulia kule mbele kwenye jambo lenyewe.

Kilimo cha mwani kilipoanza hapa Unguja mwaka 1989, upande huu wa mashariki, baadae mama zetu wakawa wanapanda aina mbili, spinosumu na kotonii, na kotonii ndio yenye bei. Miaka ikaenda, kotonii ikaanza kupauka, inakatika, inaoza kwenye kamba, na kila mtu ana lake, huyu anasema hasadi, huyu anasema mbegu imechoka, mwalimu mmoja wa sayansi akasema jamani kwani maji yenyewe mmeyapima? Ndio tukaanza na kipimajoto kimoja, baadae mradi mmoja uliopita ukatuachia refraktomita, ile ya mkono, unadondosha matone mawili matatu juu ya kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga unasoma chumvi. Historia ndio hiyo.

Mafanikio ni mengi mno Mheshimiwa. Sisi ndio kikundi pekee cha aina hii ukanda wetu wote, na huenda Afrika Mashariki nzima (hatujauliza sana lakini). Vijana hawa unaowapa vyeti leo wanaweza kukwambia bila kuangalia popote kwamba maji ya bahari ya kawaida yana chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo moja, kwamba masika ikikaza namba hiyo inashuka humu ndani ya mwamba, yani kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe, na kwamba kaskazi mchana wa bamvua, maji yakiwa ya magotini, digrii zinapita 30 na mwani unaanza kuteseka. Wanajua kusahihisha chombo kwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa sio asidi, kabla hawajateremka pwani. Tumetembelewa na wageni kutoka nje, wamepiga picha nyingi sana, na tumealikwa kwenye mkutano wa wilaya ingawa siku ile hatukupewa nafasi ya kusema.

Sasa Mheshimiwa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kupima tunapima. Tatizo letu ni kuhifadhi. Vipimo vyote viko kwenye madaftari, madaftari yako kwenye sanduku, sanduku liko kwenye banda la kuanikia mwani, na paa la banda kila mtu hapa analijua. Daftari la 2016 lilirowa na mvua ya masika, kurasa zimegandana, wakati ule tulikuwa bado tunaandikia peni na wino umechuruzika wote. Na 2016 sio mwaka wa kupoteza, ndio mwaka matumbawe yalipauka kwa joto hapa kwetu na sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, yani mwaka ambao kila mtafiti anatuuliza nipeni wa kwenu, na sisi tunamuonesha tofali la karatasi. Tangu hapo tunaandika kwa penseli, lakini penseli haizuii mchwa.

Kuna watu wanatwambia kwani hizo namba za nini, satelaiti zipo. Kweli zipo, lakini satelaiti inaona joto la juu juu tu, na karibu na ufukwe inababaika. Yapo na maboya ya Argo, kama 4,000 hivi dunia nzima, kila siku kumi linazama mpaka mita 2,000 linapanda linapima joto na chumvi linatuma habari, mambo makubwa kabisa. Ila Mheshimiwa boya la mita 2,000 litaingia vipi humu ndani ya mwamba ambamo maji yakipwa mtoto anatembea? Humu tunaingia sisi.

Na asidhani mtu kwamba namba za zamani hazina kazi. Meli ya Waingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 mpaka 1876 ikiteremsha vipimajoto kwa kamba. Zaidi ya miaka 130 baadae wanasayansi wakachukua namba zile wakazilinganisha na za Argo wakaona maji ya juu ya bahari yameongezeka joto zaidi ya nusu digrii kwa wastani. Wale mabaharia walishakufa zamani, lakini kuna mtu alizitunza zile karatasi. Mwaka 1993 tume ya bahari ya UNESCO ikaanzisha mradi mzima wa kuokoa vipimo vilivyokuwa vinaozea kwenye madaftari na makabati nchi mbali mbali, mamilioni ya vipimo yakaokolewa. Ya kwetu hayamo.

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, suala hili sio jipya masikioni mwa wakubwa. Mgeni rasmi aliyepita, kwenye uwanja huu huu, alituahidi laptopu. Vigelegele vikapigwa, boksi likaletwa, tukalishika wote tukapigwa picha, na jioni tulipofungua ndani mlikuwa na karatasi za kujazia, tukaambiwa mashine yenyewe inafuata. Tukaandika barua kukumbushia, tukajibiwa liko kwenye mchakato. Tukaandika tena, zikaja fulana na kofia. Tunashukuru sana kwa fulana, ndizo tulizovaa leo kama unavyotuona.

Akaja na mwengine kutoka ofisi ambayo kwa heshima ya shughuli hii hatutaitaja, akachukua madaftari ya mwanzo mwanzo kabisa akasema yanakwenda kuingizwa kwenye mfumo, wiki mbili yatarudi. Mfumo hatujauona na madaftari hayajarudi na yalikuwa ndio hayo hayo, hakuna nakala. Sasa hivi bibi mweka hazina wetu akiona mtu anafungua lile sanduku anakuja kukaa pembeni yake mpaka alifunge.

Tulijaribu na simu pia, picha za kurasa zikawekwa kwenye grupu la WhatsApp, simu ikijaa mtu anafuta, na picha zenyewe nyengine zimekata tarehe. Na namba isiyo na tarehe, saa, mahali, chombo gani kilitumika na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, hiyo haimsaidii mtu.

Kwa hiyo tunachoomba ni kitu kimoja tu chenye viungo vyake: kompyuta moja inayofanya kazi, diski mbili za nje za kuhifadhia data ili nakala moja ikae skuli na moja kwa sheha, kabati la chuma la kufunga, na mtu wa kuja kutufundisha kupanga data zetu ziwe katika sura inayokubalika katika kituo cha taifa cha data za bahari kilichopo Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Unguja. Kuandika tutaandika wenyewe, vijana wapo, umeme skuli upo. Chumba mwalimu mkuu ameshakubali, kasema mbele ya watu na leo yupo hapa.

Hatuombi jengo Mheshimiwa, wala boti, wala safari ya mafunzo. Tunaomba kabla ya masika, maana lile paa halisubiri mchakato.

Orodha ya bei kutoka maduka ya Darajani imo ndani ya bahasha uliyopewa, chini ya sabuni za mwani. Vile vile tumemuomba mpiga picha, kwa leo, kama kutakuwa na boksi basi lifunguliwe kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi