Sio kila maumivu ni mifupa, tupunguzeni diklo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nitajitahidi nisiwe mrefu ingawa najijua. Mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu huku Nkuhungu, Dodoma, na kama kuna kitu nakisikia tangu nafungua asubuhi mpaka nafunga usiku ni "naumwa mifupa". Fundi wa zege anaumwa mifupa, bodaboda aliyeanguka jana anaumwa mifupa, bibi aliyeshinda kwenye shamba la zabibu anaumwa mifupa, hata mwanafunzi wa chuo aliyelalia shingo vibaya naye ni mifupa. Na wote dawa wameshajipangia huko huko nyumbani, wakifika hawaulizi, wanaagiza tu: "Dokta, nipe diklo," yaani diklofenaki, kile kidonge cha maumivu. (Wananiita dokta, nimekataa mpaka nimechoka.)

Sasa ninachotaka kusema ni kwamba mwili una mifupa, una viungo, una misuli, na hivi vitatu vinauma tofauti na vinatibiwa tofauti, kwa hiyo kabla hujameza chochote jua kwanza kinachouma ni kipi.

Juzi kaja kijana wa saiti za huko Mtumba kashika kiuno, anasema mifupa ya kiuno imeisha. Nikamwambia kaka yangu hebu weka kidole hapo penyewe panapouma. Akaweka pembeni kabisa ya uti wa mgongo, kwenye ile nyama ndefu inayopanda sambamba na mgongo kulia na kushoto. Akikaa ametulia hasikii kitu, akiinama kufunga kamba ya buti anaguna, ukibonyeza pale anaruka. Nikamuuliza miguu ina ganzi? Hapana. Mkojo na choo unavihisi kawaida? Kawaida. Homa? Hakuna. Basi huo ni msuli umevutika, kashinda ananyanyua ndoo za zege mgongo umeinama badala ya kukunja magoti. Msuli una damu ya kutosha, unajitengeneza wenyewe ndani ya wiki chache, ila asiende kulala kitandani siku nzima maana watu wanadhani kulala ndo dawa, kumbe mgongo ukilazwa sana unazidi kukakamaa. Atembeetembee, apumzike kunyanyua, maumivu yakizidi panadol inatosha. Alinuna kidogo lakini aliondoka nayo.

Angekuwa na ganzi sehemu za siri, au mkojo umegoma, au miguu inaishiwa nguvu, hapo nisingemuuzia hata panadol, ningemwambia panda bajaji sasa hivi nenda hospitali. Kiuno kina pingili 5 kubwa ndo zinazobeba uzito wa juu wote, na kati ya pingili na pingili kuna diski laini, ikichomoka ikabana mishipa ya fahamu ukichelewa unaweza kubaki na ulemavu.

Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli zaidi ya 600, sihitaji uijue yote, hata mimi siijui yote. Jua tu mpangilio wake. Mfupa na mfupa vinakutana kwenye kiungo, vinashikwa pamoja na kano, na kuna kano nyingine zinazounganisha msuli na mfupa, ile ngumu ya nyuma ya kisigino ni mojawapo. Ncha za mifupa kwenye kiungo zimevikwa gegedu, kile cheupe kinachoteleza unachokitafuna kwenye mguu wa kuku, halafu ndani kuna ute wa kulainisha. Gegedu haina mishipa ya damu, ndo maana ikilika hairudi kirahisi. Na hapa niseme kuhusu supu ya kongoro maana kila mzee akija na goti anasema ameambiwa anywe kongoro ute urudi. Wazee wangu supu ni tamu, mimi mwenyewe nainywa, ila ikifika tumboni inasagwa kama chakula kingine chochote, hakuna bomba linaloipeleka kwenye goti.

Hata goti lenyewe lina maneno yake. La bibi wa zabibu asubuhi linakaza kidogo, akitembea linalegea, jioni baada ya shughuli ndo linauma, huo ni uchakavu wa gegedu, anahitaji kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kama umezidi, mazoezi mepesi anaweza kuyafanya amekaa kwenye kiti. Lakini akija mama ambaye vidole vya mikono yote miwili vinavimba na asubuhi vinakaza zaidi ya saa nzima, hiyo ni baridi yabisi ya aina nyingine kabisa, kinga ya mwili inashambulia viungo, akichelewa vidole vinapinda na diklo haizuii hilo. Na baba aliyeamka usiku wa manane dole gumba la mguu limewaka moto hata shuka halitaki kuligusa, baada ya wikiendi ya nyama choma na bia, huyo akapime asidi ya yuriki kwenye damu, ni gauti.

Kuna kundi lingine huku kwetu wafugaji, wanatoka Bahi, Chamwino huko, viungo vinauma vyote, kiuno kinauma, homa inakuja inaondoka, jasho usiku, wamemeza diklo mwezi mzima. Mimi nikisikia homa ya kurudirudi swali la kwanza ni maziwa, mnachemsha au mnakunywa mabichi? Ng'ombe na mbuzi wenye ugonjwa wa kutupa mimba wanaambukiza binadamu kwa maziwa mabichi na hata wakati wa kuzalisha mifugo, na ugonjwa wenyewe unapenda kukaa kwenye viungo. Huo unataka kipimo na antibayotiki za wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari.

Mfupa wenyewe kweli kweli mara nyingi ni kwa hawa wadogo zangu wa bodaboda. Akianguka akatua kwa bega au akajikinga kwa mkono, mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka begani kwenda kifuani, unakatika. Akilaliwa na pikipiki ni muundi, mfupa wa mguu chini ya goti, ambao mbele hauna nyama, ngozi tu, kwa hiyo ukivunjika ni rahisi kuchomoza nje. Kinachonikera ni kifundo cha mguu kikiteguka, wanampeleka kwanza kwa mama wa kuchua, maji ya moto, mafuta, anavutwa mguu analia, kesho yake umevimba mara mbili. Jamani kano zikivutika zinavuja damu kwa ndani, ukipasha moto na kusugua unaongeza kuvuja. Siku mbili tatu za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 halafu unaitoa, bandeji, na mguu uinuliwe juu ya mto. Hawezi kukanyaga hata hatua 4? Apigwe picha, usibishane naye. Na aliyefungwa hogo (plasta ngumu) vidole vikawa vya baridi, vimebadilika rangi, vina ganzi, arudi hospitali usiku huo huo asisubiri tarehe ya kliniki, vivyo hivyo kwa aliyefungwa vijiti mtaani vikabana. Halafu uvumilivu, mkono unaweza kuchukua wiki 6 hivi, muundi miezi 3 na zaidi, ukitupa magongo mapema unaanza upya.

Watoto sicheki nao kabisa. Mtoto ana homa na kiungo kimoja kimevimba cha moto hataki kiguswe, hospitali siku hiyo hiyo, usaha ukikaa ndani ya kiungo unakila kwa siku chache tu. Na mtoto mdogo anayevimba viganja na nyayo akilia, pimeni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Kuhusu diklo yenyewe sasa. Ni dawa nzuri ikitumika siku chache kwa sababu inayojulikana. Lakini ukiimeza kila siku inachubua tumbo mpaka vidonda na damu, inapandisha presha, na inabana figo, hasa mtu akiwa amekaukiwa maji, na nyie mnalijua jua la Dodoma, mtu anashinda saiti tangu asubuhi kwa chupa moja ya maji halafu jioni anameza diklo 2 tumbo tupu. Wengine wanataka niwachanganyie na deksa (deksamethasoni, dawa kali ya steroidi), siuzi, maana hiyo ukiizoea ndo inadhoofisha hiyo mifupa unayoilalamikia.

Ombi langu kwa zahanati na vituo vya afya: mwandikieni mgonjwa kwenye karatasi yake mlichokikuta na ni wapi. Naletewa karatasi imeandikwa maumivu ya mwili na majina ya dawa basi, nikimuuliza mgonjwa umeambiwa ni nini anasema hajaambiwa. Andikeni goti la kushoto uchakavu, au msuli wa kiuno umevutika, au kifundo kimeteguka hakijavunjika, ni mstari mmoja tu.

Na kwako Mhariri, ukurasa wenu wa afya utoe mchoro wa mwili wenye majina ya mifupa, viungo na misuli kwa Kiswahili, mkubwa, tuukate tubandike kaunta mteja aoneshe kwa kidole. Muuchore wa mbele na wa nyuma, maana wateja wangu wengi wanashika nyuma.

Muuza dawa,
Nkuhungu, Dodoma