Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mhazini. Wanaodaiwa ada wanajijua.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwa wachora ramani za majengo. Hospitali zinajengwa, na sisi watu wa utakasaji, tunaoosha vyuma vya upasuaji na kuviua vijidudu, tunaitwa siku ya kukabidhiwa funguo. Nilitembelea chumba kipya cha utakasaji katika hospitali moja ya kanda yetu hii ya kati: vigae vinang'aa, otoklevu mpya (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), mlango mmoja wa chumba. Toroli la vyuma vyenye damu kutoka upasuaji lilikuwa likipishana na seti za vyuma safi zilizotoka kwenye mashine muda huo huo. Muuguzi akanitazama, "Mzee, sasa tupite wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana maoni yetu kwa wachora ramani yanaanza na njia ya vyuma. Vichafu viingie kwa mlango wao, vioshwe, vipite dirishani kwenda kukaguliwa na kufungwa, viingie mashineni, vitokee upande wa stoo, visirudi nyuma. Otoklevu ya milango miwili ndiyo bora. Fedha isipotosha, ukuta na dirisha la kupitishia havimshindi fundi.

La pili ni maji. Maji yetu ya visima mnayajua. Tazameni birika zenu za chai. Ule ukoko mweupe ndio unaoganda kwenye hita za otoklevu. Fundi mmoja alinipa hita iliyoungua: gamba nene, ukilikwangua linadondoka vipande kama ganda la yai. Halafu tunasingizia umeme! Mtambo wa kuondoa chumvi uingie kwenye bajeti pamoja na mashine, si baadaye. Vumbi nalo: chumba cha kufungia seti kisitegemee madirisha, hasa upepo wa kiangazi ukianza.

Kwenye mafunzo ubishi ulikuwa wa klorini. Wengi tulizoea kuloweka vyuma kwenye klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haushauri hivyo: klorini hula vyuma, na damu huipunguzia nguvu. Wabishi wakubwa tulikuwa sisi wazee.

Tuliomba nafasi kwenye kamati za ujenzi. Majibu mengi hatujapata. Katibu ana nakala za mchoro wetu wa chumba cha utakasaji. Kila mmoja achukue mbili, moja ya mganga mfawidhi wake, nyingine ya mhandisi.