Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kituo cha Wanafunzi cha Kinu cha Maji, Moshi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha. Shule 11 zilileta wanafunzi 412, wakalala kwetu, wakapima kasi ya maji mtoni, wakachora ramani ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, na kutembezwa vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba; paa limepakwa rangi, matundu 4 ya choo yamekamilika, na mfongo umezibuliwa mara mbili, kabla na baada ya masika.

Jambo linalonilazimu kueleza kwa kirefu ni lile jiwe la juu la kinu tuliloliondoa mahali pake na kulishusha. Nimesikia, kanisani na hata msibani, kwamba mwenyekiti amevunja urithi wa wazee, na wapo wanaosema ameliuza. Jiwe lipo chini ya mti wa mringaringa mbele ya jengo, na mifereji iliyochongwa kwenye uso wake, ile iliyokuwa ikiusukuma unga wa ulezi kutoka katikati kwenda pembeni, sasa inaonekana wazi, jambo ambalo halikuwezekana lilipokuwa limelalia jiwe la chini. Lina kipenyo cha mita 1.2 na uzito usiopungua kilo 700, nalo lilikaa juu ya boriti ambazo fundi alizigusa kwa patasi akakuta mchwa wamekwisha kuzila. Chini ya boriti hizo ndipo tulipokusudia kuwalaza wasichana 24, kwa sababu walimu wakuu walikwisha kukataa kuwaleta walale kwenye mahema wakati wa mvua. Nawauliza wenzangu mlio wazazi: mngemlaza binti yenu hapo?

Imedaiwa pia kwamba nimekiuka sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kinu chetu ni cha enzi ya Wajerumani. Hata hivyo sikujificha nyuma ya tarehe: nilipiga picha na kuweka alama kila kipande kabla hakijaguswa, tena kwa gharama yangu, ili siku boriti zitakapobadilishwa jiwe lirudi mahali pake. Gurudumu la maji halikuguswa. Linazunguka kama zamani, na maji yake yote yanarudi kwenye mfongo, kwa hiyo majirani wa chini wanaolalamikia zamu zao za maji watafute sababu nyingine.

Nimelaumiwa kwamba niliamua peke yangu. Niliitisha mikutano mitatu. Akidi ni wanachama 40. Walikuja 17, kisha 22, kisha 14, na wa mwisho ulikuwa siku ya Jumapili mchana, bila mvua. Katiba inamruhusu mwenyekiti, akishauriana na katibu, kuamua jambo la dharura, nasi tukaamua. Siku ya kulishusha jiwe walikuja vijana 9 wenye minyororo na magogo, na miongoni mwa wanaonisema leo sikumwona hata mmoja, ingawa baadhi yao wanakaa umbali wa kusikia gurudumu likizunguka.

Kuhusu fedha, kati ya wanachama 84, waliolipa ada kamili ya shilingi 24,000 ni 29, yaani shilingi 696,000. Michango ya shule ilileta shilingi 6,180,000, matumizi yakawa shilingi 7,340,000, na pengo la shilingi 464,000 ni deni la seremala wa vitanda, ambaye hunisimamisha mimi kila siku ya soko, si ninyi.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda na wafadhili wakipatikana, kubadilisha boriti na pengine kuwaonyesha wanafunzi kinu kikisaga tena.

Mkutano mkuu utafanyika kituoni, na mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi tangu saa 3 asubuhi.

Mwenyekiti