Mhina, mapazia ya kota yalikuwaje?

Hamburg, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mhina,

Salaam nyingi. Sisi huku tu wazima, baridi ndiyo hiyo, mtoto ananipita kimo. Najua nimekaa kimya mno, utanigombeza baadaye. Leo nina shida na wewe, na shida yenyewe ni mapazia.

Usicheke. Unakumbuka nilikwambia naunda stesheni ya Korogwe ya kuweka mezani? Imefika pazuri. Kila kitu nakigawa kwa 87, kwa hiyo ile reli yetu ya mita moja kwangu ina upana wa milimita 12. Jengo la stesheni limesimama, nyuma yake safu ya kota, na bati nimezipaka kutu mpaka shemeji yako akauliza kama zinavuja. Mjerumani mmoja wa klabu yetu ya treni ndogo alitaka niunde stesheni ya 1902, mwaka reli ilipofika Korogwe. Nikamwambia hiyo ni ya babu yake, mimi nataka ya utoto wetu.

Mchana haina kasoro. Usiku ndiyo balaa. Nikizima taa ya sebuleni na kuwasha vitaa vya ndani, unaona ukuta wa pili, waya, na gundi. Hamkaliwi na mtu humo.

Ugonjwa huu niliupata Miniatur Wunderland, ile dunia ya treni ndogo iliyofunguliwa 2001 kwenye maghala ya zamani ya hapa bandarini. Kila baada ya dakika kama 15 kunaingia giza, madirisha yanawaka kila mahali, na watu wazima wanaacha treni ipite wanachungulia nyumba za watu! Nami nilikuwemo.

Basi nimejifunza mambo. Kuta za plastiki zinapitisha mwanga, nyumba nzima inang'aa kama kandili. Dawa yake ni kupaka ndani rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake, ndipo mwanga unatokea dirishani tu. Vyumba natenga kwa kadibodi nyeusi, kila kimoja na LED yake ya manjano, na vingine naviacha giza, wenyewe wamelala au wako zamu. Gundi kali haifai karibu na kioo, mvuke wake unakiachia ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Shemeji yako alidhani nitachonga makochi. Dirisha la mita 1.2 kwangu ni milimita 14, Mhina! Katika tundu hilo jicho linaona kilicho karibu na dirisha, na rangi rangi za nyuma, basi. Meza yangu ni kadibodi isiyofika milimita 9 kimo, kitanda ni kijiti na karatasi ya bluu, ukutani kalenda niliyoipunguza kwa printa. Wenzangu klabuni wanatengeneza mpaka vikombe. Wana muda. Mimi naona kazi kubwa inafanywa na pazia: lifunike nusu ya dirisha, na mtazamaji atajipangia chumba kizima mwenyewe.

Sasa vifaa vya huku vya kuundia nyumba ndogo, vya kampuni ya Faller na wenzake, huja na karatasi yenye mapazia yaliyokwisha kuchapwa: lesi nyeupe, yamegawanywa katikati, chini chungu cha maua. Kwa nyumba za milimani kwao yanapendeza sana. Kwenye kota zetu, stesheni masta anakuwa amehamia Ujerumani. Ninachokumbuka mimi ni pazia moja pana kwenye waya wa misumari miwili, mchana linapigwa fundo katikati upepo upite, magharibi linafunguliwa. Fundo nimelipata: tishu ya tabaka moja, nailowesha gundi nyeupe iliyozimuliwa maji, naisokota kwa kibano, ikikauka mikunjo inabaki. Mlangoni nimetundika kanga. Kanga nzima kwangu ni milimita 17 kwa 13 hivi; nimepiga picha ile ya shemeji yako nikaichapa ndogo, pindo linaonekana, jina halisomeki. Afadhali, maana jina lenyewe unalijua.

Lakini rangi! Mimi nakumbuka kijani, dada anaapa yalikuwa maua mekundu, na kila tukipigiana simu tunaishia kugombana kuhusu jambo jingine kabisa. Nenda kwa Mama Zuhura, tafadhali. Ana albamu, na kuna ile picha ya harusi waliyopiga barazani, dirisha liko nyuma ya bibi harusi. Usiende mikono mitupu, unamjua.

Uniangalizie na haya: wavu wa mbu ulikuwa nje ya pazia au ndani? Yale madirisha ya mbao yalifunguka kwa nje? Ofisi ya stesheni masta ilikuwa na pazia kweli, au walibandika karatasi za kaki kuzuia jua? Kota za upande wa mtoni zilipata umeme lini, kabla yetu au baadaye? Hili muhimu, kwa sababu chemli hukaa mezani. Itabidi taa niishushe chini, vivuli vipate kupanda ukutani badala ya kushuka. Na nani alikuwa anaweka redio dirishani, baba yake Kihiyo au yule wa kwenye pointi?

Picha uzipige mchana, bila flashi, unitumie kama faili zisifinyazwe. Mguu umepona? Hoza amekulipa, au bado anapita njia ya nyuma? Na ule msingi wa nyumba umefika wapi, maana hata wewe utahitaji mapazia?

Msalimie mama, mwambie shikamoo yake ipo.

Sefu