Usilikate Hilo Tawi

Nairobi

Mwanaisha dada yangu,

Salamu nyingi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Hapa mvua haitupi nafasi, hata nguo hazikauki. Otieno ameniambia unataka kulikata lile tawi lenye povu juu ya lambo uje nalo kwa treni, watoto wa klabu walione. Naandika haraka kabla hujafunga mizigo: tafadhali, usilikate.

Ulivyolieleza, hicho ni kiota cha chura wa mtini wa huko pwani, Chiromantis xerampelina. Jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke kama ute wa yai unaopigwa kwa uma, akitaga humo huku madume kadhaa yakirutubisha mayai. Maji yakimpungua mwilini hushuka lamboni, akajijaza, akarudi kuendelea. Povu la nje hukauka likawa gamba, la ndani likabaki na unyevu na hewa. Mtikisiko wa safari ukilipasua gamba hilo, ndani kunakauka na mayai yanakufa. Isitoshe, viluwiluwi hudondoka baada ya siku tano au sita hivi, nawe hujui povu hilo lina siku ngapi. Wakidondokea mfukoni Voi, basi tena.

Wangoje hapo hapo. Sehemu ya chini ya povu italainika, kisha wataanza kuchuruzika na matone. Baada ya siku chache teka wachache kwa bakuli jeupe, wahamishie kwenye gilasi ya maji ya lambo lenyewe, uwapige picha kwa ubavu na kwa chini, halafu uwarudishe. Ubavu wa kushoto tafuta kitundu kimoja kidogo: maji huingia mdomoni, hupita kwenye matamvua yaliyofichika ndani, hutokea hapo. Chini ya tumbo utaona utumbo mrefu uliojiviringa, kwa sababu chakula chao kikubwa ni mwani. Mdomo ndio unaonifurahisha zaidi. Una taya nyeusi ngumu, na juu na chini yake safu za vijimeno visivyo vya mfupa, vya kukwangulia mwani. Picha moja safi ya mdomo huo itawafaa watoto kuliko tawi zima.

Nao wakifika Nairobi salama, tutawaweka wapi? Wamezoea joto la pwani, na huku baridi itawachelewesha kukua. Kuwaachilia Nairobi ndiyo mbaya kabisa, maana kuvu inayoua vyura husafiri na maji na wanyama wenyewe. Tena kuchukua wanyamapori kunataka kibali, hata wakiwa wadogo namna hiyo.

Klabu ikishapata kibali, ianze na vyura wadogo wa matete wa huku kwetu, ambao hutaga majini. Kiluwiluwi mmoja apewe lita moja ya maji. Maji ya bomba yakae wazi kwenye beseni siku nzima, klorini itoke. Chakula ni letasi iliyochemshwa ikalainika, kipande kidogo tu, kwa sababu masalio huoza, amonia hupanda, na asubuhi unawakuta wamekufa wote. Badilisha theluthi moja ya maji kila baada ya siku mbili. Miguu ya nyuma hutangulia; ya mbele hukua ndani ya ngozi, na mara nyingi wa kushoto hutokea pale pale kwenye kitundu. Ukiona miguu ya mbele, punguza maji, weka jiwe lenye mteremko, acha kulisha. Wakati huo mdomo unabadilika, hawali, wanaishi kwa mkia unaonywea, na matamvua yanapisha mapafu. Bila mahali pa kupanda watazama.

Lakini hilo la kwako lisikatwe, nakuomba sana. Hata ng'ombe wakija kunywa, mwombe Mzee Chaka awapitishie upande wa pili.

Sasa niambie: viota viko vingapi hapo? Maji bado yamesimama chini yake au lambo limeanza kurudi nyuma? Lina samaki? Gamba limeshakauka au bado linanata? Simu yako inapiga picha za karibu, au nimtume Otieno na kamera yake? Na unarudi lini hasa, Jumamosi au Jumapili?

Nijibu leo ukiweza.

Wako,
Wambui